Siku Tatu za Kufunga Taa za Ukungu

Lile gari nililitoa kwenye magugu nyuma ya gereji ya Mhindi niliyemfanyia kazi mjini Eldoret, miaka ile wazungu walipokuwa bado wanaamini kwamba hawataondoka. Kaburu mmoja wa upande wa Kimumu aliliacha pale injini ilipopasuka, akanunua jingine jipya, na mvua za misimu miwili zikalinyeshea. Lilikuwa la bodi ya mbao, aina waliyoiita boksibodi: mbele kiti kimoja kirefu, nyuma sanduku la mbao lenye mabenchi mawili na turubai pembeni. Mchwa walikuwa wameshaonja mlango wa nyuma. Mhindi alisema nikiweza kuliwasha ni langu, na alisema hivyo huku akicheka. Nililifanyia kazi mwaka mzima, kila Jumamosi mchana na kila Jumapili baada ya kanisa, na siku lilipowaka nilimwona ameacha kucheka.

Basi nikawa mtu mwenye gari katika lokesheni ya Waafrika. Nyumba yangu ilikuwa chumba kimoja na jiko nje, lakini mlangoni palisimama gari, nami nilitembea kama mtu mwenye nyumba ya mawe. Nasema wazi, nilikuwa na kiburi. Kiburi cha fundi ni kibaya kuliko cha tajiri, kwa sababu fundi hakosi la kujitetea. Ukimwuliza kwa nini amechelewa, atakuonyesha bolti.

Gari lilikuwa na ila moja kubwa. Taa zake mbili za mbele zilikaa juu, tena zilikuwa dhaifu, na zikikutana na ukungu zilikurudishia weupe machoni. Asiyeijua barabara ya Nakuru hawezi kuelewa. Kutoka Eldoret unakwenda vizuri mpaka karibu na Burnt Forest. Hapo nchi inapanda, baridi inaingia, na mwezi wa saba na wa nane ukungu unalala barabarani mpaka saa nne asubuhi. Mvua ikinyesha mchana, unarudi tena. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimebeba viazi kutoka huko, nikauingia ukungu huo saa mbili asubuhi. Nikafuata weupe nikidhani ni barabara. Gurudumu la kushoto likaingia mtaroni, gari likalala ubavu, viazi vikamwagika, nami nikakaa nimeshika usukani nikisikia malori yakinipita karibu bila kuyaona. Niliporudi niliapa mbele ya mke wangu kwamba sitapita tena pale bila taa za ukungu, zile za manjano zinazofungwa chini. Kwa hiyo woga wangu haukuwa wa uongo. Nautaja mapema kwa sababu nitakayoyasema mbele yatamfanya msomaji adhani sikuwa na sababu yoyote. Nilikuwa nayo, tena ilikuwa nzuri.

Wazazi wa mke wangu walikuwa vibarua kwenye shamba la pareto la mzungu mmoja, juu ya Burnt Forest, upande wa Timboroa. Walitoka magharibi kama sisi. Na kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawashikani mkono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia majanini ili mwenzake apite. Hawasemezani, neno likiwapo hupitia kwa mtu wa tatu, hata kama wote wawili wamelisikia. Si chuki. Ni heshima, na sijapata kuona heshima nyingine inayochosha kiasi hicho. Haya hiyo huondolewa siku mkwe anapopeleka blanketi na mbuzi, wazee wakala, na mama akashikwa mkono mbele ya watu. Mimi nilikuwa nimeoa miaka sita na sikuwa nimepeleka. Kila nilichopata kiliingia ndani ya gari. Mhubiri wetu alikuwa akisema kanisani kwamba mambo hayo ni ya giza, kwamba Mkristo hana mkwe wa kumkimbia, nami niliitikia "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote. Lakini nikimwona mama yule sokoni, miguu yangu ilishanifikisha nyuma ya kibanda kabla kichwa hakijaamua.

Alhamisi moja ya mwezi wa saba, dereva wa lori la magunia alisimama gerejini kuongeza maji kwenye rejeta, akaniita pembeni.

"Mzee wa huko kwa pareto amenituma, baba mkwe wako. Anasema mama ni mgonjwa sana. Tumbo imefura, hawezi kusimama. Anasema binti yake akuje, na wewe ukuje na gari mumpeleke hospitali."

Nikamwuliza mzungu wa shamba amesema nini.

"Amesema lori yake ni ya pareto."

Nilifika nyumbani nikamkuta mke wangu anachambua mboga. Nilipomaliza kumweleza aliacha mboga hapo hapo, akajifunga leso, akachukua kikapu.

"Twende," akasema.

"Sasa hivi? Jua si linatua."

"Basi kesho, kabla ya jogoo."

"Kesho asubuhi kuna ukungu. Unajua vile niliapa. Nipe siku moja nifunge taa."

"Siku moja?"

"Moja tu. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," akanijibu. "Na tumbo linaloumia ni la mama yangu."

Nilicheka kidogo, kama mume anavyocheka akishindwa. Lakini niseme leo nililoliona Alhamisi ile dereva aliponiambia. Sikuona ukungu. Niliona ndani ya gari langu: mimi mbele, mama mkwe wangu nyuma, pumzi yake karibu na kisogo changu, saa mbili nzima. Na pengine hatakuwepo mtu wa kunisaidia, itanibidi nimbebe. Mwili wote uliniwasha kwa haya. Ndipo nikazikumbuka taa.

Taa zenyewe nilikuwa nimezitamani miezi mingi. Zilikaa kwenye rafu ya gereji, zimetolewa kwenye gari la mzungu lililogonga mti, na kioo cha moja kilikuwa na ufa. Ijumaa asubuhi nilimweleza Mhindi shida yangu, akanipa ruhusa, akaniteremshia na taa.

"Chukua," akasema. "Lakini wewe funga chini. Chini kabisa. Ukungu hapana fika chini, nabakisha shibiri moja hivi. Kama nafunga juu, naangaza macho yako mwenyewe."

Nilikuwa nikilijua hilo. Nilikuwa nimewafungia wazungu taa kama zile mara nyingi, kwa mikono yangu. Hata hivyo nilipofika nyumbani nilizifunga juu, kwenye chuma cha mbele ya rejeta, kwa sababu pale palikuwa na matundu tayari. Nikakaza bolti moja moja, nikapaka grisi, nikapanguza vioo. Saa kumi jioni nikarudi nyuma hatua kumi, nikazitazama, nikasema hizi zimekaa juu mno. Nikaanza kuzifungua. Nadhani mkono ulijua tangu asubuhi kwamba zitafunguliwa.

Mke wangu alikuwa amekaa kizingitini na nguo zake za safari.

"Zimekwisha?"

"Zimekaa juu."

"Si ni wewe umeziweka huko?"

Akaingia ndani, na nguo za safari hakuzivua mpaka wakati wa kulala.

Jumamosi nilianza upya kama fundi mwenye akili. Nilikata vipande viwili vya chuma bapa kutoka kwenye kitanda kilichovunjika, nikavikunja kwa nyundo juu ya jiwe mpaka vikafanana. Chini ya bampa palihitaji matundu manne. Nililala chali kwenye gunia, tope likinipenya mgongoni, nikazungusha keekee ya mkono iliyokuwa butu kama kijiko. Tundu moja lilichukua saa nzima. Ningeweza kwenda gerejini kuazima iliyo kali, ni mwendo wa dakika ishirini. Sikwenda. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya bomba la maji wakaona miguu yangu tu ikitokeza.

"Fundi," mmoja akaita, "leo umezaliwa na gari ama ndiyo linakumeza?"

Wakacheka wote. Nami nilicheka nikiwa huko chini, chembe za chuma zikiniangukia midomoni. Inanishangaza nikikumbuka kwamba nilikuwa na furaha. Kazi ilikuwa inakwenda, na mtu aliye chini ya gari haulizwi maswali mengi.

Mchana nikaingia kwenye nyaya. Waya mmoja ulitoka kwenye betri ukapita kwenye fyuzi, ukaenda kwenye swichi niliyoifunga karibu na usukani, ukatoboa ukuta wa injini na kushuka mpaka kwenye taa ya kushoto, kisha ya kulia. Umeme unarudi kupitia chuma cha gari chenyewe, kwa hiyo pale taa inaposhika bampa pasiwe na rangi wala kutu. Nilisugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa. Kikang'aa, nami nikaendelea kusugua. Nilipowasha mara ya kwanza fyuzi ilikatika, maana nilikuwa nimeubana waya chini ya bolti ukachubuka. Nikafungua, nikabadilisha, nikalehemu kila ncha kwa risasi niliyoyeyusha kwenye jiko la mke wangu. Alikuwa anataka kuwapikia uji watoto wetu wawili. Alisimama na sufuria mkononi akiningoja nimalize moto wake.

Jioni yule dereva wa lori alipita tena. Hakushuka, alipunguza tu mwendo mbele ya nyumba.

"Bado yuko," akasema. "Lakini ameisha. Anauliza kama gari imetoka Eldoret."

"Nani anauliza? Mzee?"

"Mama mwenyewe."

Nilimsikia vizuri. Mama aliyekuwa akiingia majanini nisimwone alikuwa analala akisikiliza barabara, anangoja mngurumo wa gari langu. Ningeitupa keekee pale pale, ningeliwasha gari. Zilikuwa zimebaki saa mbili za mwanga na taa zilikuwa zinawaka, ingawa zilitazama pembeni. Nikamwambia mke wangu kwamba taa isiyonyooshwa ni mbaya kuliko giza. Ni kweli, kila fundi atakwambia hivyo.

"Itanyooka lini?" akauliza.

"Kesho."

"Kesho ni Jumapili."

"Mungu ataelewa."

"Mungu ninamjua," akasema. "Wewe ndiye sikuelewi."

Jumapili alikwenda kanisani peke yake. Huko alisimama, akaomba watu wamwombee mama yake, nao wakamwombea mama, wakaombea na gari la ndugu yetu litengenezeke. Nilielezwa baadaye na jirani, naye alidhani ninafurahi. Wakati wakiomba, mimi nilikuwa napima. Kunyoosha taa za ukungu kunataka ukuta na mahali palipo sawa. Niliegesha gari hatua nane kutoka ukuta wa choo cha lokesheni, nikapima kwa uzi urefu wa taa kutoka ardhini, nikachora ukutani mstari kwa mkaa, na mwingine chini yake vidole vinne. Mwanga unatakiwa ukate kwenye ule wa chini, upana uende kando za barabara, usipande hata kidogo. Lakini mchana mwanga hauonekani ukutani. Ikabidi ningoje jua lizame. Nilikaa kwenye ubao wa kukanyagia wa gari mchana wote, mikono magotini, taa zimekwisha kufungwa, nikingojea giza ili nijue kama zinafaa.

Jua lilipozama nikawasha. Ukuta ukawa wa manjano kutoka pembe hadi pembe, na juu ya ule mstari wa chini pakabaki peusi kabisa. Hata ile yenye ufa ilitoa mwanga mzuri. Watoto wa majirani wakapiga makofi. Zilikuwa taa nzuri. Sijafunga taa nyingine nzuri kama zile maisha yangu yote, na nimefunga nyingi.

Nilipozizima nikasikia kitu kikigongwa ndani ya gari. Mke wangu alikuwa nyuma, amepiga magoti juu ya benchi, ana nyundo yangu ndogo na misumari mdomoni. Alikuwa ametoa shuka la kitanda chetu, amelishona pindo juu, na sasa alilipigilia msumari baada ya msumari kutoka upande mmoja wa bodi hadi mwingine, likining'inia nyuma ya kiti cha dereva. Likatenga mbele na nyuma kabisa, nyuzi zikagusa sakafu. Akatoa msumari wa mwisho mdomoni.

"Ni hili ulikuwa unangoja?" akauliza.

Nikataka kusema habari za ukungu.

"Ungeniambia Alhamisi," akasema, "ningelitundika Alhamisi."

Jumatatu tuliwaacha watoto kwa jirani, tukaondoka kabla ya mapambazuko. Mke wangu alikaa kando yangu mbele, amekunja mikono. Karibu na Burnt Forest ukungu ukatupokea, mzito kama ule wa mwaka uliopita, nami nikazima taa kubwa na kuwasha za chini. Barabara ikajitokeza. Niliona mitaro pande zote mbili, niliona mawe, niliona hata miguu ya mbuzi kabla sijaona mbuzi. Nilitaka kumwonyesha. Nilitaka aseme neno lolote, hata la kunitukana. Alitazama mbele tu. Hakuna kitu kilichopata kunisuta kama barabara ile ilivyoonekana.

Mama alikuwa hai. Hilo nalo lazima niliseme, maana ningeweza kusingizia kwamba tulimkuta amekufa. Walimtoa ndani ya kibanda akiwa amelazwa kwenye blanketi, baba mkwe wangu na vibarua watatu, kila mmoja ameshika pembe. Mimi nilisimama mbele ya gari nimewapa mgongo, nikitazama pareto jinsi ilivyochanua mpaka kwenye mlima. Nilimsikia akiguna walipompandisha. Baba mkwe akaja kunishika mkono.

"Umechelewa, lakini umefika," akasema.

"Taa, Mzee," nikasema.

"Ndiyo. Tumeambiwa."

Yeye hakuweza kuja. Nyapara alikuwa amemkatalia ruhusa mpaka mwisho wa wiki, na siku zile ukitoka bila ruhusa unarudi ukikuta kibanda chako kimepewa mtu mwingine. Alisimama kando ya barabara na kofia mkononi mpaka gari likakata kona. Mke wangu alikuwa nyuma na mama yake, upande wa pili wa shuka.

Mvua ilianza kabla hatujateremka sana, ikanyesha kwa nguvu, ikakatika, na ukungu ukapanda kutoka ardhini kila upande. Nikawasha taa za chini, nikaendesha kwa gia ya pili. Mwanzoni niliwasikia wakinong'ona. Kisha nikasikia kukoroma kidogo, nikakujua: ni mke wangu. Hakuwa amelala usingizi wa maana tangu Alhamisi, na joto la mablanketi na mtikisiko wa gari vilikuwa vimemshinda. Nikafurahi kwamba anapumzika.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya shuka, kwa lugha yetu, ndogo lakini safi.

"Mwanangu. Simamisha gari kidogo."

Kwa miaka sita sikuwa nimepata kuisikia sauti ile ikielekezwa kwangu. Kwanza nilidhani anasema na binti yake. Lakini binti yake alikuwa anakoroma, na yeye hana haja ya kumwambia binti yake asimamishe gari.

Nikangoja. Nilingoja mke wangu aamke aniambie, "Mama anasema usimame," kama inavyotakiwa, nami ningesimama papo hapo. Hakuamka. Nikakohoa. Nikakohoa tena kwa nguvu. Nikapiga honi, barabara tupu, hapakuwa na mtu wala ng'ombe, nikaipiga mara tatu nikitumaini itamwamsha. Aligeuka tu, benchi likalia, akaendelea kulala.

"Mwanangu, unanisikia?"

Kusimamisha gari ni mguu tu. Lakini nikisimama lazima nishuke, nikishuka lazima nizunguke nyuma, nifungue mlango, nimtazame, nimwulize anataka nini, pengine nimwinue kwa mikono yangu kifuani. Na heshima ya miaka sita je? Nikajiambia pia kwamba kusimama katikati ya ukungu ni hatari, lori litatugonga kwa nyuma. Hiyo nayo ni kweli. Nimekuwa na sababu za kweli maisha yangu yote. Kisha nikajiambia kwamba kama jambo ni kubwa, atamwamsha binti yake, yuko naye hapo, wanagusana. Sikufikiri kwamba mtu anaweza kukosa nguvu ya kunyoosha mkono.

Sikujibu. Alinyamaza, nami nikashukuru kwamba ameacha.

Penye Burnt Forest palikuwa na kizuizi cha polisi, kwa kuwa ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari na kila gari la Mwafrika lilikaguliwa. Askari alitazama kibali changu akauliza shuka ni la nini.

"Mama mkwe," nikasema. "Ni mgonjwa. Tunampeleka hospitali, na bibi yangu yuko naye."

Alikuwa mtu wa magharibi, nilimjua kwa matamshi, akaelewa mara moja. Akaniambia nitazame mbele. Nikatazama mbele. Nikasikia akizunguka, akifungua mlango wa nyuma, akikaa kidogo, akiufunga polepole.

"Wamelala wote wawili," akasema. "Endesha taratibu usiwaamshe."

Nikaendesha taratibu. Baada ya hapo ukungu ulipungua, jua la mchana likatoka, nikazizima taa. Maneno ya yule askari yalinipa moyo. Kama amelala, basi maumivu yamepungua. Na kama maumivu yamepungua, tutafika, watampasua, atapona, na safari hii nitapeleka lile blanketi na yule mbuzi bila kukosa. Nilipanga hata rangi ya blanketi. Niliingia Eldoret nikiwa mtu mwenye matumaini, pengine ndiye peke yake mjini siku hiyo.

Mbele ya hospitali nilizima injini nikakaa, macho mbele, nikingoja waamke kwa ule ukimya. Nikasikia mke wangu akipiga miayo. Nikamsikia akisema, "Mama, tumefika." Akasema tena. Akasema mara ya tatu kwa sauti ambayo sikuwa nimeijua. Kisha shuka likavutwa kutoka upande wa pili, misumari ikang'oka mmoja baada ya mwingine.

Tulimzika kwetu magharibi. Mimi sikuingia ndani alimolazwa, wala sikuusogelea mwili, kama inavyompasa mkwe, na wazee walinisifu kwa hilo. Walisema kijana huyu ana gari na bado anajua adabu. Mke wangu aliwaambia waombolezaji kwamba mama alikwenda usingizini, kwamba yeye mwenyewe alikuwa amemlalia begani na hakusikia hata kuguna. Alilisema mara nyingi, kwa kila mgeni aliyefika. Niliona jinsi lilivyomsaidia kusimama.

Siku ya tatu baada ya mazishi alinikuta nyuma ya nyumba ya baba yangu napasua kuni. Akakaa juu ya gogo.

"Nataka kukuuliza kitu kimoja," akasema. "Wakati nililala njiani. Mama alisema chochote?"

Nilikuwa nimeinua shoka. Nikalishusha, nikapasua ukuni, nikauweka kando.

"Hapana," nikasema. "Hakusema."

"Hata hakuniita?"

"Hakuita mtu."

Akapangusa vumbi kwenye magoti yake.

"Afadhali," akasema. "Basi hakuhitaji kitu."

Nikasema, "Ndiyo, hakuhitaji."